Kumwekea Mvamizi Vikwazo: Italia ya 1935, Iraki ya 1990 na Urusi ya 2022

Jeshi la nchi moja linapoingia katika ardhi ya nchi nyingine, dai la kwanza kusikika barabarani, bungeni na redioni ni kwamba mvamizi awekewe vikwazo. Neno hilo hutajwa kana kwamba ni dawa moja yenye kipimo kimoja, ilhali ndani yake mna mambo yanayopishana sana. Kuna kumnyima mvamizi petroli ya vifaru vyake. Kuna kumfungia kila kitu hata unga wa watoto. Kuna kuzuia fedha alizoziweka katika benki za ng'ambo. Na kuna kuorodhesha majina ya makamanda wake ili wasisafiri wala kumiliki mali katika nchi fulani. Anayedai vikwazo bila kusema vipi bado hajachagua, na serikali nyingi humpenda raia wa namna hiyo, kwa kuwa zinaweza kumpa kile kisichozigharimu kitu na bado zikahesabiwa kuwa zimetenda.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya msomaji anayetakiwa kuchagua: mbunge anayepigia kura azimio, mwanafunzi anayejiandaa kwa mdahalo, Mwafrika Mashariki wa ughaibuni anayeletewa karatasi atie saini, au mwananchi anayetaka tu kujua serikali yake isimamie wapi. Nimechukua mifano mitatu kwa sababu katika kila mmoja uvamizi ulikuwa wa wazi, vikwazo viliwekwa rasmi tena mapema, na kila mmoja ulishika njia yake. Italia ilifungiwa nusu, Iraki ilifungiwa yote, na Urusi ilizuiliwa hazina yake huku visima vyake vikiendelea kuuza. Kwa maoni yangu, kipimo cha kwanza si ukali wa vikwazo bali ni kama vinagusa kitu kinachoendesha vita, na kama anayeviweka yuko tayari kubeba sehemu ya gharama. Mara nyingi, pale ambapo anayeviweka hapotezi kitu, mvamizi naye hapotezi kitu.

Kilichofungwa na kilichoachwa wazi

Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Italia yaliyokuwa Eritrea yalivuka mto Mareb na kuingia Ethiopia. Siku nne baadaye Baraza la Ushirika wa Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa na ambacho Italia na Ethiopia zote zilikuwa wanachama wake, lilitamka kwamba Italia ndiyo mchokozi, na tarehe 18 Novemba vikwazo vikaanza kutumika katika nchi zipatazo 50. Ilikuwa marufuku kuiuzia Italia silaha, kuikopesha, na kununua bidhaa zake. Ilikuwa pia marufuku kuiuzia mpira, bati, alumini na nikeli, pamoja na wanyama wa kubeba mizigo: farasi, nyumbu, punda na ngamia. Lakini petroli, makaa ya mawe na chuma kilichokwisha kuyeyushwa havikuguswa. Jeshi lililokuwa likisonga mbele kwa malori na ndege lilinyimwa punda likaachiwa petroli.

Jambo la pili lililoachwa wazi lilikuwa njia. Mfereji wa Suez ulikuwa chini ya kampuni iliyomilikiwa kwa sehemu kubwa na Waingereza na Wafaransa, na meli za Italia zilizosheheni askari na silaha, zikiwa njiani kwenda Massawa na Mogadishu, ziliendelea kupita humo kwa kulipa ushuru wa kawaida. Sababu iliyotolewa ilikuwa mkataba wa mwaka 1888 ulioamuru mfereji ubaki wazi hata wakati wa vita. Sababu iliyokuwa na uzito zaidi ni kwamba London na Paris ziliogopa kumsukuma Mussolini, mtawala wa Italia, mikononi mwa Hitler, na ziliona kwamba Marekani, ambayo haikuwa mwanachama wa Ushirika huo, ingeweza kuziba pengo la mafuta. Paul Schmidt, aliyekuwa mkalimani wa Hitler, alieleza baadaye kwamba mwaka 1938 mjini Munich Mussolini alimwambia Hitler kuwa, kama mafuta yangeingizwa kwenye vikwazo, angelazimika kuondoka Ethiopia katika muda wa wiki moja. Huenda Mussolini alitia chumvi, lakini ni ushahidi unaotoka kinywani mwa mvamizi mwenyewe, na ndio sababu ninaupa uzito.

Liko jambo la tatu ambalo husahaulika mno na ambalo kwangu ni kosa kubwa kuliko yote. Katika miezi iliyotangulia uvamizi, Uingereza na Ufaransa zilisitisha kuuza silaha kwa pande zote mbili, Italia na Ethiopia, kwa jina la kutopendelea. Italia ilikuwa na viwanda vyake vya bunduki, mizinga na ndege. Ethiopia haikuwa navyo. Marufuku hiyo ilipoondolewa kwa upande wa Ethiopia, vita vilikuwa vimekwisha kuanza. Msomaji akiletewa pendekezo la kuzuia silaha kwa pande zote mbili, aulize kwanza ni upande gani unaojitengenezea.

Iraki ilishughulikiwa kwa namna iliyo kinyume kabisa. Iliingia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, na kufikia tarehe 6 Agosti Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha azimio namba 661 lililofunga biashara yote ya Iraki, isipokuwa dawa na, katika hali ya dharura ya kibinadamu, chakula. Uturuki na Saudi Arabia zilifunga mabomba yaliyopitisha mafuta ya Iraki, na kabla ya mwezi huo kwisha azimio namba 665 liliruhusu meli za kivita kusimamisha na kukagua vyombo baharini. Mwezi Desemba mkuu wa shirika la ujasusi la Marekani, William Webster, aliwaeleza wabunge wa nchi yake kwamba asilimia 97 ya mauzo ya nje ya Iraki na zaidi ya asilimia 90 ya manunuzi yake yalikuwa yamekatwa. Sijui mfano mwingine wa nchi iliyobanwa kiasi hicho kwa muda mfupi hivyo.

Hata hivyo Saddam Hussein, mtawala wa Iraki, hakuondoka Kuwait. Admirali William Crowe, aliyewahi kuwa mkuu wa majeshi ya Marekani, alishauri Novemba 1990 kwamba vikwazo vipewe mwaka mmoja au hata mwaka na nusu. Ushauri huo haukufuatwa. Azimio namba 678 lilitoa muda hadi tarehe 15 Januari 1991, vita vikaanza siku mbili baadaye, na Kuwait ikakombolewa mwishoni mwa Februari. Wanaopendelea subira husema vikwazo havikupewa nafasi. Ninaielewa hoja yao, lakini gharama ya kusubiri ingelipwa na Wakuwaiti waliokuwa chini ya jeshi la kigeni, na anayeshauri kusubiri akiwa mbali na nyumba inayoporwa anapaswa kulitaja hilo waziwazi.

Urusi ilipoivamia Ukraine kwa jeshi kamili tarehe 24 Februari 2022, nchi za Magharibi zilianza na fedha. Ndani ya siku chache zilizuia akiba ya benki kuu ya Urusi ya takriban dola bilioni 300, karibu nusu ya akiba yote, na sehemu kubwa yake ikawa imekwama katika Euroclear, taasisi ya kutunza dhamana za kifedha mjini Brussels. Baadhi ya benki zake ziliondolewa katika SWIFT, mtandao ambao benki za dunia hutumia kupelekeana maagizo ya malipo. Ruble iliporomoka, na tarehe 28 Februari gavana wa benki kuu hiyo, Elvira Nabiullina, alipandisha riba hadi asilimia 20 na kudhibiti utoaji wa fedha nje. Kwa majuma mawili ilionekana kana kwamba uchumi ule utavunjika.

Haukuvunjika, na sababu yake ni rahisi kueleza. Mafuta na gesi viliendelea kununuliwa. Marufuku ya Umoja wa Ulaya kwa mafuta ghafi yanayosafirishwa baharini ilianza tarehe 5 Desemba 2022, zaidi ya miezi tisa baada ya uvamizi, sambamba na ukomo wa bei wa dola 60 kwa pipa uliowekwa na G7, kundi la nchi saba tajiri. Katika miezi hiyo tisa bei ya nishati ilikuwa juu mno, kiasi kwamba mwaka 2022 Urusi ilipata ziada ya zaidi ya dola bilioni 200 katika hesabu zake na nchi za nje, ziada ambayo haikuwahi kuipata kabla. Muda huo uliipa pia nafasi ya kutafuta wanunuzi wapya, hasa India, iliyokuwa ikinunua kiasi kidogo sana kabla ya vita, na ya kukusanya meli kuukuu zenye wamiliki wasiojulikana na bima isiyoeleweka, ambazo sasa huitwa meli za kivuli. Pato lake la taifa lilishuka kwa zaidi kidogo ya asilimia 1 mwaka 2022, kisha mwaka 2023 likakua kwa zaidi ya asilimia 3.5, kwa kuwa viwanda vya silaha vilikuwa vikifanya kazi usiku na mchana.

Kusema kwamba vikwazo hivyo havikufanya kitu si kweli. Kufikia Oktoba 2024 riba ya benki kuu ya Urusi ilikuwa asilimia 21, kiwango kinachomzuia mfanyabiashara wa kawaida kukopa, na vipuri vya kielektroniki vilivyokuwa vikinunuliwa moja kwa moja vikalazimika kupitia nchi za tatu kwa bei ya juu. Lakini vilifika. Tofauti kati ya kupunguza nguvu za mvamizi na kumfanya aondoke ni kubwa, na wanasiasa waliokuwa wakiahidi jambo la pili huku wakitekeleza la kwanza waliwapotosha watu wao.

Watu walivyopokea

Hapa ndipo mifano hii inafundisha zaidi, kwa sababu vikwazo huishi au hufa kutegemea umma tatu tofauti: umma wa nchi zinazoviweka, umma wa nchi ya mvamizi, na umma wa nchi za pembeni ambazo hazikuulizwa.

Nchini Uingereza, miezi michache kabla ya Italia kuvamia, wanaharakati wa amani walipita nyumba kwa nyumba wakiwauliza watu maswali katika zoezi lililoitwa Kura ya Amani. Watu milioni 11.6 walijibu. Zaidi ya milioni 10 waliunga mkono mchokozi kuwekewa vikwazo vya kiuchumi, ilhali waliokubali nguvu za kijeshi zitumike ikibidi walikuwa milioni 6.8 hivi. Pengo hilo la zaidi ya milioni 3 linaeleza mengi: wengi walitaka mvamizi azuiwe, mradi kumzuia kusilete vita. Serikali ilisoma tarakimu hizo vizuri. Iliwapa watu vikwazo na ikahakikisha haviwi vya aina itakayomfanya Mussolini apigane na Uingereza.

Desemba mwaka huo magazeti ya Paris yalifichua mpango wa siri wa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Samuel Hoare, na waziri mkuu wa Ufaransa, Pierre Laval, wa kuipa Italia sehemu kubwa ya Ethiopia. Hasira ya Waingereza ilikuwa kali, barua zikamiminika kwa wabunge, na tarehe 18 Desemba Hoare akajiuzulu. Ni ushindi wa umma, na sitaki kuudharau. Lakini aliyeondoka ni mtu. Marufuku ya mafuta haikuja.

Siku hiyo hiyo, tarehe 18 Desemba 1935, mjini Roma kulikuwa na jambo lingine. Vikwazo vilikuwa vimetimiza mwezi mmoja, na serikali ya Mussolini iliwaita wanawake watoe pete zao za ndoa ziyeyushwe kuwa dhahabu ya taifa. Malkia Elena alipanda ngazi za mnara wa taifa akaivua pete yake na kuitia katika chetezo kilichokuwa kikifuka moshi. Nyuma yake wakapanga foleni wajane na akina mama waliofiwa na wana wao katika Vita vya Kwanza. Katika Kiitaliano neno "fede" lina maana ya imani na pia ya pete ya ndoa, na siku ikapewa jina hilo. Kila aliyetoa pete ya dhahabu alipewa ya chuma avae badala yake. Mwanamke aliyerudi nyumbani na pete ya chuma kidoleni hakuwa tena mtu wa kushawishiwa kwamba vita vile ni dhuluma. Alikuwa amekwisha kuvichangia kwa kitu chake cha thamani kuliko vyote. Vikwazo vyenye makelele na visivyo na meno vilimpa Mussolini kile ambacho hakuwa nacho kabla, yaani taifa lililojiona linaonewa.

Iraki haikuhitaji sherehe ya aina hiyo. Septemba 1990 serikali ilianzisha kadi za mgao: kila familia iliandikishwa kwa wakala wa mtaa na kupokea kwa mwezi unga, mchele, sukari, chai na mafuta ya kupikia. Mgao huo uliwaokoa wengi na njaa, lakini ulimaanisha pia kwamba chakula cha kila nyumba kilipitia mkono wa serikali, na asiyekuwa katika daftari hakuwa na kitu. Vikwazo viliendelea kwa masharti mengine baada ya Kuwait kukombolewa, hadi Mei 2003. Mpango wa kubadilisha mafuta kwa chakula uliidhinishwa mwaka 1995, na chakula cha kwanza kikafika mwaka 1997, takriban miaka saba tangu mlango ufungwe. Maofisa wawili wa Umoja wa Mataifa waliosimamia misaada ya kibinadamu huko, Denis Halliday mwaka 1998 na Hans von Sponeck mwaka 2000, walijiuzulu kwa kupinga walichokiona. Saddam alikuwa bado yupo ikulu.

Nchini Urusi maelfu walikamatwa kwa kuandamana katika majuma ya kwanza, na sheria ya tarehe 4 Machi 2022 ikaleta adhabu ya hadi miaka 15 jela kwa atakayesambaza kile ambacho serikali inakiita habari za uongo kuhusu jeshi. Mamia ya maelfu wakahama. Hapa napenda msomaji atazame kwa karibu jambo dogo. Mwezi huo huo kampuni za Visa na Mastercard zilisitisha shughuli zake Urusi, na kadi zilizotolewa na benki za Kirusi zikaacha kufanya kazi nje ya nchi. Ndani ya Urusi kadi hizo ziliendelea kutumika kama kawaida kwa kupitia mfumo wa ndani. Kwa hiyo aliyebaki Moscow akiunga mkono vita alinunua mkate kwa kadi yake, na aliyekimbilia Tbilisi au Istanbul kwa kuvipinga alisimama mbele ya mashine ya fedha bila senti. Kikwazo kinachomwadhibu anayemkimbia mvamizi hakikufikiriwa vizuri, hata kama aliyekiweka alikuwa na nia njema.

Kuhusu umma wa pembeni, Afrika inayo kumbukumbu ndefu. Mwaka 1935 wafanyakazi weusi wa bandari Afrika Kusini walikataa kupakia meli za Italia, bila kusubiri azimio la serikali yoyote. Mjini London Jomo Kenyatta alikuwa katibu wa heshima wa kundi la Waafrika na watu wa Karibi lililoundwa kuitetea Ethiopia. Mwaka 2022 sauti ziligawanyika. Balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alikumbusha Baraza la Usalama, siku chache kabla ya uvamizi, kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa na wakoloni na bado tuliamua kuishi nayo badala ya kuirekebisha kwa damu. Tarehe 2 Machi Baraza Kuu lililaani uvamizi kwa kura 141 dhidi ya 5, huku nchi 35 zikijizuia. Kenya, Rwanda na Kongo zilipiga kura ya ndiyo. Tanzania, Uganda na Burundi zilijizuia.

Lakini kulaani ni jambo moja na kuunga mkono vikwazo ni lingine, na wengi waliolaani hawakuweka vikwazo. Mwezi Machi 2022 nilikuwa Trans Nzoia, nchini Kenya, wakati wa kupanda mahindi. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP ulikuwa umepita shilingi 6,000. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu dukani hakununua mfuko; alinunua gorogoro mbili, yaani makopo mawili ya kupimia, akazifunga kwenye leso, akasema atatia kidogo kidogo kwenye mashimo ya karibu na nyumba na mengine atayaachia Mungu. Hakujua Mariupol, mji wa Ukraine uliokuwa ukipigwa, uko wapi. Ni wajibu kusema kwa haki kwamba si vikwazo peke yake vilivyopandisha bei hiyo: mbolea ilikwisha kuanza kupanda mwaka 2021 pamoja na gesi, na nafaka za Ukraine zilizuiwa na jeshi la majini la Urusi hadi makubaliano ya Istanbul ya Julai 2022. Vikwazo vya Ulaya havikupiga marufuku mbolea na chakula kwenda Afrika. Ila benki, kampuni za bima na wenye meli, kwa kuogopa kukosea, walijitenga na kila kitu chenye jina la Urusi, na kibali kilichoandikwa kwenye karatasi hakikumfikia mama yule. Ruhusa ya kibinadamu isiyo na benki iliyotajwa kwa jina na njia ya malipo iliyohakikishwa haimsaidii mtu.

Nini kichaguliwe

Anayetaka vita vifupishwe achague vikwazo vinavyogusa kinachochoma ndani ya injini au kinacholipa mishahara ya askari, na avitake katika wiki ya kwanza, si mwezi wa kumi. Italia ingeumizwa na mafuta na mfereji. Urusi ingeumizwa zaidi kama mafuta yake yangebanwa Machi 2022, kabla meli za kivuli hazijakusanywa, ingawa wapiga kura wa Ulaya wangelipa bei kubwa zaidi ya umeme na kiongozi mwaminifu angewaambia hivyo mapema.

Anayependelea kufunga kila kitu aangalie Iraki mara mbili. Njia hiyo ndiyo iliyobana kwa haraka kuliko zote, na pia ndiyo iliyoendelea kuua taratibu baada ya uvamizi kwisha, kwa kuwa sharti la kuiondoa lilibadilishwa njiani. Mimi singeiunga mkono bila azimio kusema wazi, tangu siku ya kwanza, kitendo gani kikifanyika vikwazo vinaondolewa, na bila chakula kupewa njia isiyopitia mikononi mwa mvamizi.

Kuzuia akiba ya benki kuu kuna faida ambayo njia nyingine hazina: hakumnyimi mtu mkate moja kwa moja, na fedha hubaki zikiwa dhamana ya fidia. Mwaka 2024 nchi za G7 zilikubaliana faida inayotokana na fedha hizo ilipie mkopo wa dola bilioni 50 kwa Ukraine. Udhaifu wake ni kwamba nchi nyingine zimeona na zitaweka akiba zao kwingine, hivyo njia hiyo itakuwa na nguvu kidogo safari ijayo.

Orodha za majina ya makamanda na mawaziri ndizo rahisi kuliko zote na ndizo nisizozitegemea sana zikiwa peke yake. Huaibisha, na aibu ina kazi yake, lakini kikosi hakirudi nyuma kwa sababu kamanda wake amenyimwa viza.

Na hakuna hata moja kati ya hizi inayochukua nafasi ya kumsaidia aliyevamiwa ajilinde. Watanzania wanalijua hili bila kufundishwa. Idi Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Marekani ilikuwa imepiga marufuku kahawa ya Uganda majuma machache tu kabla, na kahawa ndiyo iliyokuwa karibu mauzo yote ya nje ya nchi hiyo, lakini hilo halikumzuia. Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukumlaani. Aliondolewa na jeshi, na Tanzania ikabeba gharama inayokadiriwa kuwa dola milioni 500. Ethiopia nayo haikukombolewa na vikwazo, ambavyo viliondolewa Julai 1936 majuma machache baada ya Haile Selassie kusimama Geneva kuomba visiondolewe. Ilikombolewa mwaka 1941 na wazalendo wake waliokuwa milimani, na pia na majeshi ya Uingereza yaliyokuja pamoja na askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland.

Chaguo lililo karibu nasi kuliko yote kwa sasa ni la mashariki mwa Kongo, ambako watu wanalia kwa Kiswahili. Goma ilitekwa na kundi la waasi la M23 mwishoni mwa Januari 2025, na tarehe 21 Februari Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2773, liliitaka Rwanda iache kuwasaidia waasi hao na kuondoa majeshi yake. Kigali husema inachukua hatua za kujilinda tu. Vikwazo vya Washington na Brussels vya Februari na Machi mwaka huo vilikuwa kwa sehemu kubwa vya aina ya orodha: waziri mmoja wa Rwanda, makamanda kadhaa, viongozi wa M23. Katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya tarehe 17 Machi, hata hivyo, kulikuwa na jina moja la aina nyingine, nalo ni kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Gasabo, mjini Kigali. Hilo ndilo ninaloliona kuwa limekaribia injini. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba machimbo ya Rubaya, wilayani Masisi, yaliwapa waasi dola 800,000 hivi kwa mwezi kwa kutoza ushuru wa koltani, madini yanayotumika katika simu na vifaa vingine vya kielektroniki. Kupiga marufuku koltani yote ya Kivu kungemwangukia kijana anayeshuka shimoni na sururu, ambaye hana kazi nyingine, na ningekataa kutia saini pendekezo hilo. Kumbana mnunuzi, msafishaji na benki inayowalipa, kwa masharti yaliyoandikwa ya lini watafunguliwa, ningekuunga mkono hata kama simu zetu zitapanda bei.